Mlango wa Baba Doto na Jua la Saa Tisa

Mimi Fundi Shija nimestaafu. Hakuna ofisi iliyoniandikia barua. Kiuno ndicho kilichonistaafisha, siku nilipoinama kuokota skrubu nikabaki hukohuko chini, nikisalimiana na miguu ya wapita njia. Vijana wa karakana yetu hapa Kalangalala waliniinua wakiwa wanne, wakanipa soda, kisha wakanipa daftari kubwa wakisema, “Mzee, andika unayoyajua kabla hujayasahau.” Nikaona ni utani wa kukosa adabu. Soda nilikunywa.

Habari za malipo na vyeo sitaziandika. Cheo sikuwahi kuwa nacho zaidi ya kuitwa fundi, na malipo mke wangu hajawahi kuyajua yote, na yeye anajua kusoma. Nitaandika juu ya mlango wa mbele, hasa ule unaokaa kwenye ukuta wa jua na mvua. Mlango wa namna hiyo ndio ulionipa jina mjini hapa, na mmojawapo nusura uniondolee jina hilo mchana kweupe, mbele ya wakwe wa watu.

Kazi nilijifunzia Kahama kwa Fundi Idrisa, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mwembamba aliyefunga miwani yake kwa waya wa umeme. Siku ya kwanza nilifika na shati jipya nikidhani nitapewa randa. Akanipa kipande cha ubao.

“Nusa.”

Nikanusa.

“Kinasema nini?”

Nikamwambia kinanuka ubao. Akanirudisha nyumbani, na shati langu jipya.

Kesho yake nikarudi, nikanusishwa tena. Ilinichukua wiki mbili kujua mninga kwa pua, kisha mkongo, kisha mvule, na mwisho kabisa mkaratusi uliopakwa rangi na muuzaji asiye na haya ili uitwe mninga. Mpaka leo nikifika kwa mtu hunusa mlango kabla sijapiga hodi. Mke wangu ameniomba niache, hasa misibani.

Baada ya pua nikapewa randa. Ilikuwa ya chuma, nzito, na Fundi Idrisa aliiita Mama Mkwe, kwa sababu ukiisukuma kwa pupa inakuchimbia ubao wote, lakini ukienda nayo kwa adabu inakulainishia kila kitu. Nilipohamia Geita alinipa niondoke nayo. Vijana, ipo kabatini. Mnaoiita “ile kitu ya zamani” naombeni muifutie kutu, na muombe radhi.

Lakini kikubwa alichonifundisha hakikuwa chombo. Mteja akija kutaka mlango wa mbele, Fundi Idrisa hakutoa futi mfukoni mpaka afike kwenye nyumba yenyewe saa tisa alasiri. Alibeba kigoda kwapani. Alikiweka pale mlango utakapokaa, akamketisha mteja, mgongo ukutani, akamwambia amsimulie habari za ukoo wake kuanzia kwa babu. Ukuta ukiwa wa kivuli, mteja alifika mpaka kwa wajukuu. Ukiwa unatazama magharibi, bila kibaraza wala mti, mteja hakumaliza hata mashangazi. Alianza kujikuna, akahama.

“Umeona?” Fundi Idrisa alimwambia. “Wewe umehama. Mlango hauhami.”

Kisha aliinama kutazama matope yaliyorukia ukutani, ajue mvua inapiga mpaka wapi. Hapo ndipo alipoanza kuzungumza juu ya mbao.

Nilipoanza kazi zangu Geita, kigoda hicho kiliniokoa mara nyingi, ingawa wateja wa machimboni hawapendi kuketishwa. Kuna dalali mmoja wa dhahabu alikataa kukaa, akataka mlango wa chuma kwa sababu ya wezi, kwenye ukuta wa magharibi. Nikamtafutia mchomeleaji, akapata mlango wake. Wezi kweli hawakuja. Na yeye mwenyewe kuanzia saa nane hakuingia kwake. Alikaa ng'ambo ya barabara na funguo mkononi akisubiri kitasa kipoe. Mwingine alitaka mlango wa kioo na alumini kama wa benki. Sebule yake iliwaka joto hata mkewe akawa anaanika dagaa kwenye zulia, na akakiri kwamba wanakauka vizuri kuliko nje.

Ukuta wa namna hiyo unataka ubao, na ubao uliokauka. Hilo nililisema kwa kila mtu kwa miaka mingi, tena kwa sauti kubwa. Ndiyo maana naona haya kuandika yanayofuata, lakini nimeahidi daftari.

Baba Doto alikuwa na duara huko upande wa Bulyanhulu, shimo ambalo kwa miaka lilimpa udongo tu, na ahadi alizodaiwa na mkewe. Siku moja duara likatema dhahabu. Akaja Kalangalala akajenga nyumba nzuri kando ya barabara, ikitazama magharibi, maana barabara iko huko, na Baba Doto hakuwa amechimba miaka yote ili watu waione nyumba yake kisogoni. Fundi mwashi alikuwa ameshaanza nguzo za kibaraza. Baba Doto akaamuru zibomolewe.

“Kibaraza kitauficha mlango,” alisema. “Mtu akipita na basi ataona nini? Nguzo?”

Akanionyesha picha kwenye simu. Mlango wa hoteli, mweusi tii, unang'aa, wenye nakshi za maua. “Huu, Fundi Shija. Mweusi hivihivi. Na mwezi ujao niwe nao.”

Hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa sababu ya viazi. Mama Doto alikuwa amenialika niende kupima asubuhi, saa mbili, akaniandalia chai ya maziwa na viazi vitamu vya moto. Nilikaa pale mbele ya ukuta nikila. Ukuta ulikuwa kivulini, umepoa, una upepo mzuri. Kigoda nilikuwa nimekiacha karakana. Nikajiambia, huu ukuta hauna neno, na saa tisa nina kazi nyingine. Nikachukua vipimo huku nikilamba vidole.

Mlango ulikuwa mzuri, siwezi kujinyima sifa. Siku ya kuuweka, bodaboda watatu walisimama kuutazama, na basi la Katoro lilipunguza mwendo, jambo ambalo Baba Doto aliwasimulia watu mpaka wakaanza kumkwepa.

Kiangazi kikaingia. Jua likaushika ule weusi kila alasiri. Vanishi ikawa inalainika. Mchungaji aliyekuja kubariki nyumba aliegemea mlango wakati wa sala, na aliposema amina akajikuta hawezi kuondoka. Tulimtoa, koti halikutoka lote. Kisha mbao zikaanza kujikunja, pakawa na upenyo ambao jogoo aliutumia kama njia yake halali. Baba Doto akaniita.

“Fundi, mlango umefanya nini?”

“Unaizoea nyumba,” nikamjibu.

Vijana, msije mkasema neno hilo. Mlango hauzoei nyumba. Lakini nilikuwa na jina mjini, na nilikwishawacheka mafundi wenzangu wengi mno. Mvua zilipoanza, mlango ukavimba ukawa unakwaruza sakafu, nikamlaumu mwashi. Ulipozidi, nikalaumu msingi. Mwisho nikalaumu malori ya barabarani kwamba yanatikisa. Baba Doto akaamini. Wakawa wanauacha nusu wazi mchana na usiku, na kuuwekea tofali.

Sasa, Doto. Huyu ni binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, pacha wa pili. Kulwa, pacha wake, alikuwa ameolewa zamani. Posa ya kwanza ya Doto ilivunjika kwa sababu ng'ombe mmoja wa upande wa mume alianguka akafa njiani, na wazee wakasema hiyo ni ishara. Doto alilia, akanyamaza, akaendelea kufundisha hesabu. Baada ya muda mrefu akampata bwana mifugo wa Buseresere, mtu mpole, anayempenda waziwazi kiasi cha kuwachekesha ng'ombe. Wazee wa upande wa mume wakapanga siku ya kuja. Kila mtu alijua kwamba ishara mbaya ya pili ingemaliza habari, maana hakuna ukoo utakaotuma watu mara ya tatu kwa msichana anayekataliwa na ishara.

Siku hiyo, saa tisa kasoro, simu yangu ikaita. Baba Doto alikuwa ananong'ona.

“Fundi, njoo. Nimeufunga.”

“Umefunga nini?”

“Mlango! Nilitaka wakwe wapige hodi, niufungue kwa heshima. Nikausukuma kwa bega ukaingia wote. Sasa hautoki.”

Nilipofika niliona kitu ambacho Fundi Idrisa angekilipia nauli kutoka Kahama akione. Wakwe wanane walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, migongo ukutani, ukuta wa magharibi, saa tisa kamili. Suti zimelowa jasho. Shangazi mmoja alikuwa amejifunika kichwa kwa mkoba. Katikati alisimama mshenga wao, Mzee Maduhu, mtu mkubwa wa mwili, na fimbo na kofia ya manyoya ambayo kwa heshima ya ukoo hakuweza kuivua.

Kuwapitisha uani haikuwezekana. Kwetu mkwe mpya hapitishwi mlango wa jikoni, akakutana na mama mkwe katikati ya masufuria, kanga kifuani, mwiko mkononi. Hiyo ni faini ya mbuzi kwa pande zote mbili na aibu juu yake. Kupita dirishani kulizungumzwa, kisha watu wote wakamtazama Mzee Maduhu, kukaacha kuzungumzwa. Kuuvunja mlango kwa shoka Baba Doto alikataa. Nyumba inayopasua mlango wake siku ya wakwe, alisema kutoka ndani, inatafuta maneno.

Nikasalimia. “Mwadila, wazee wangu. Shikamooni.”

“Marahaba,” alijibu Mzee Maduhu bila kunitazama. Alikuwa anatazama mlango. “Tumepiga hodi mara tatu. Mwenye nyumba ameitika mara tatu. Nimemsikia kwa masikio yangu akisukuma, akivuta, akimwita Mungu. Mlango umekataa.” Akawageukia wenzake. “Mara ya kwanza ng'ombe alikataa, tulisikia habari hiyo. Leo nyumba yenyewe imekataa. Sisi ni nani tuilazimishe? Simameni.”

Viti vikaanza kukwaruza. Shangazi akasema, “Mayu, jamani, tumetoka Buseresere,” lakini naye alikuwa anasimama.

Hapo dirisha likafunguka nyuma ya nondo, na Doto akatoa uso. Bibi harusi mtarajiwa haonekani kabla ya kuitwa, na alijua. Hakuwatazama wakwe. Alinitazama mimi, akasema kwa sauti ndogo ya mwalimu aliyemkamata mtoto na chaki:

“Fundi Shija, hawa wakiondoka hawarudi. Wewe unajua kilichoushika huu mlango. Sema.”

Nilijua. Nilijua tangu wiki ya mchungaji. Na nikasimama pale na futi mkononi, mwenye jina mjini, nikitafuta bado mtu wa kumlaumu. Mwashi hakuwepo. Lori halikupita. Doto alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada.

“Mzee Maduhu,” nikasema, “nyumba haijakataa. Ni mimi. Huu mlango nimeutengeneza vibaya.”

Mzee Maduhu alikuwa ameshageuka kuondoka; akasimama. Barabarani bodaboda wakasimama pia, kama kawaida yao.

“Vibaya kivipi?” akauliza. “Maana hata ishara inaweza kumtumia fundi. Eleza.”

“Nilipima asubuhi, ukuta ukiwa kivulini.”

“Kwa nini asubuhi?”

“Kulikuwa na viazi.”

Mzee mmoja akakohoa. Mzee Maduhu akaketi, akaegemea fimbo. “Endelea.”

Nikaendelea. Nilisema mbao zilikuwa mbichi, zilitakiwa zilale stoo chini ya kivuli, zimepangwa kwa vijiti vya kupitisha hewa, mpaka ziache kupungua uzito, mimi niliziharakisha. Nilisema weusi unakunywa jua, na ukuta huu ulitaka mafuta ya mbao au rangi isiyokoza. Nilisema nilikubali kibaraza kibomolewe huku nikijua kwamba ukuta wa namna hii bila kibaraza hauna mlango wa kudumu duniani.

“Ala!” ilisikika sauti ya Baba Doto ndani. “Hakuniambia!”

“Sikumwambia,” nikasema. “Na nilipaka vanishi mbele na nyuma tu. Ukingo wa juu na wa chini niliuacha mtupu kwa kuwa hauonekani. Ni kama kumvalisha mtu koti la mvua ukamnyima kofia na viatu. Maji yaliingilia huko, mbao zikavimba. Na sikuacha nafasi ya kuvimbia.”

“Nafasi kiasi gani?” aliuliza shangazi. Alikuwa ameuteremsha mkoba kichwani.

“Kiasi cha sarafu kuzunguka kote, mama, na chini zaidi kidogo. Na chini kwa nje unapigilia kiubao cha mteremko, maji yadondoke mbali.”

“Wa kwangu unalia kila ukifunguka,” akasema mzee wa kushoto. “Huo nao ni nini?”

“Bawaba, mzee. Unaweka tatu badala ya mbili, na mafuta kidogo.”

“Na mchwa?” akauliza mwingine.

Nikajibu habari za mchwa. Nikajibu habari za vitasa vya bei rahisi. Wakwe wote wanane walikuwa na milango, na wote walikuwa na malalamiko, na jua lilikuwa linawapiga wakiwa hawalikumbuki tena. Mwishowe Mzee Maduhu akanyanyuka, akaenda mpaka mlangoni, akaweka kiganja kwenye ule weusi. Akakitoa haraka sana kwa mtu wa umri wake. Akakipuliza.

“Ndugu zangu,” alitangaza, “mizimu ya watu wenye heshima haiwezi kufanya kazi mbovu kiasi hiki. Hili ni la fundi.”

Watu wakacheka mpaka barabarani. Nilicheka na mimi, na machozi yalinitoka, na sikuwa nalia kwa kucheka peke yake. Dirishani Doto alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Kilichobaki kilikuwa kazi. Mimi si mkwe, nikazunguka uani, nikampita Mama Doto na masufuria yake, nikaingia sebuleni nikang'oa pini za bawaba. Nikapaza sauti: “Wazee, sukumeni taratibu!”

Hawakusukuma taratibu. Watu waliokaa juani muda ule wote hawana utaratibu. Mlango ulitoka kwenye fremu kwa kishindo ukalala chali, ukateleza juu ya vigae mpaka kwenye makochi, na juu yake walikuwepo Mzee Maduhu kwa magoti, kofia machoni, na wazee wawili wamemshikilia shati. Mama Doto alikuwa amechungulia kutoka jikoni kuona kilichoanguka. Wakatazamana, mkwe na mama mkwe, mmoja juu ya mlango, mwingine na mwiko.

“Hodi,” akasema Mzee Maduhu.

“Karibuni,” akasema Mama Doto, akakimbia.

Mbuzi hakudaiwa na mtu. Wazee waliamua kwamba wageni wameingia kwa mlango wa mbele, tena hakuna ukoo mwingine Geita uliowahi kuingia nao mpaka kwenye makochi. Mazungumzo yakafanyika huku barabara nzima ikitazama ndani, na jogoo akipita apendavyo. Habari za ng'ombe hazinihusu. Nitasema tu kwamba walikubaliana, na Doto alipoitwa na kuulizwa kama anawajua wageni hawa, alijibu anawajua, akaangua kicheko, na shangazi akapiga kigelegele kilichoanzisha vingine mpaka kwa majirani.

Walipotaka kuondoka, Mzee Maduhu alikwenda mpaka kwenye lile tundu la ukuta lililojaa jua, akasimama. Wenzake wakasimama nyuma yake. Tukasubiri. Hakusogea.

“Mzee, njia ni nyeupe,” Baba Doto akamwambia.

“Mgeni hajifungulii mlango,” akasema Mzee Maduhu, macho mbele.

Baba Doto akanitazama, akautazama mlango sakafuni chini ya miguu ya watu. Kisha mwenye duara lililotema alirekebisha koti lake, akaenda akashika kitasa cha hewa, akazungusha ufunguo wa hewa, akavuta kwa heshima zote, akainama. Mzee Maduhu akafuta viatu vyake, akatoka. Alipofika nje aligeuka, akanitafuta kwa macho.

“Wabeja, fundi,” akanishukuru. “Huu umefunguka vizuri. Huu usiuguse.”